Mstari Ulioruka

Katika miaka niliyofanya kazi kwenye ofisi ya mitihani ya chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, nimeona kumbukumbu zikiharibika kimyakimya mara nyingi kuliko zinavyoibiwa. Siku moja alikuja mhitimu wa zamani, transkripti yake, yaani hati ya matokeo ya masomo yake, ikionyesha kuwa somo moja hakulifanya. Tulishinda masijala hadi jioni tukipekua mabunda ya fomu yaliyoanza kuliwa na mchwa, ndipo tukaikuta fomu ya alama yenye saini za mhadhiri na mtahini wa nje, na mbele ya jina lake imeandikwa 64. Aliyeingiza alama kwenye kompyuta aliuruka mstari wake.

Tangu hapo sikubali alama ibadilishwe kwenye mfumo bila fomu iliyosainiwa na mkuu wa idara, wala watu wawili watumie nywila moja, jambo ambalo nakiri kuwa hata mimi nimewahi kulinyamazia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa ziwe sahihi na zilindwe. Kwa hiyo ile desturi ya kubandika ubaoni majina kamili pamoja na alama tumeiacha. Nakala rudufu tunazihifadhi jengo jingine, maana paa la masijala huvuja kila masika.