Kuhamisha Mota Saizi ya 130

Desemba 2018 nilikaa mezani na magari mawili ya rimoti ya wapwa zangu, yote ya kipimo cha 1:28. Jekundu lilikuwa na mota iliyokwisha: brashi za kaboni, zile zinazopeleka umeme ndani ya mota, zimelika, haling'oki mpaka lisukumwe kwa kidole. La buluu mota ilikuwa nzima, saketi ndiyo iliyoungua. Kazi ilikuwa kuihamisha mota ya buluu iingie kwenye jekundu.

Zote mbili ni za saizi ya 130, zile zenye pande mbili bapa na shafti ya milimita 2. Lakini kulingana umbo si kulingana nguvu. Kabla ya kufungua skrubu nyingine nilipima koili kwa multimita, huku nikizungusha shafti polepole, maana brashi ikikaa vibaya mita hudanganya. Vipimo vilikaribiana. Kama mota ya buluu ingesoma omu chache sana, ingevuta umeme mwingi na kuunguza transista za gari jekundu.

Pinioni, giya ndogo iliyo kwenye shafti ya mota, ndiyo iliyonichelewesha. Ya jekundu ina meno 8, ya buluu 10. Kwa meno ya moduli (kipimo cha ukubwa wa jino) 0.5, meno mawili zaidi yanataka mota isogee nusu milimita kutoka kwenye giya kubwa, na kiti cha mota ya gari lile hakisogei. Ukilazimisha, giya zinabanana, mota inachemka, meno ya plastiki yanasagika. Basi nikang'oa zote mbili kwa kivutio kidogo, yaani kifaa cha kung'olea giya, nikaipachika ya meno 8 kwenye mota ya buluu kwa kuikandamiza taratibu kwenye jiliwa. Nyundo haifai hapa: pigo moja tu linasukuma rota, sehemu inayozunguka ndani, nyuma na kuharibu kishikilia brashi.

Waya nilizilehemu haraka, sekunde mbili tatu kila nukta, kwa sababu kifuniko cha nyuma ni plastiki na kikiyeyuka brashi zinahama. Nikaweka betri nne za AAA. Gari likaenda, lakini usukani ukawa unatetemeka wenyewe, na kila nikiongeza mwendo linakata kushoto.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimekata kapasita tatu ndogo zilizoandikwa 104 ili nipate nafasi ya kulehemu. Cheche za brashi hutoa kelele za redio, na bila kapasita hizo kelele zinaingia moja kwa moja kwenye risiva. Nikazirudisha: moja kati ya miguu miwili ya mota, nyingine mbili kutoka kila mguu hadi kwenye gamba la chuma. Gamba nililikwangua kwanza kwa tupa, risasi haishiki vizuri juu ya ule mng'aro.

Nikaliinua magurudumu yakiwa hewani, nikaliendesha dakika mbili, nikagusa mota. Vuguvugu tu. Nikaliweka sakafuni, likanyooka ukumbini hadi kwenye mguu wa kabati.