Raoul Peck, Lumumba, na ile memori kadi niliyoifuta

Kwa wasionijua, mimi napiga video hapa Kigoma mjini, harusi, sendoff, kipaimara, na mara nyingi nikitoka kule stesheni napanda barabara ya Lumumba na begi la kamera mgongoni. Miaka yote napita pale sijawahi kujiuliza kitu, Lumumba ni jina la barabara basi. Mpaka jirani yetu mmoja wa Kalemie, kule Kongo ng'ambo ya ziwa, aliponiletea flashi yenye dokumentari ya Raoul Peck ya 1990 kuhusu Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, iko kwa Kifaransa tupu, ikabidi akae pembeni yangu anatafsiri kwa kile Kiswahili chao cha ng'ambo. Tulianza saa mbili usiku, tukawa tunasimamisha kila baada ya dakika mbili, tatu, yani filamu ya saa moja na kidogo tumeimaliza karibu saa sita.

Huyu Peck ni Mhaiti, kazaliwa Port-au-Prince 1953. Baba yake alikua mtaalam wa kilimo na utawala wa Duvalier, dikteta wa Haiti, ulishamkamata. Sasa Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 Wabelgiji wengi wakaondoka, nchi ikabaki haina wataalam, na Wahaiti wanajua Kifaransa na ni weusi, kwaiyo wakaitwa, akaenda baba, familia ikafuata 1961. Dogo ana miaka 8 anafika Léopoldville, hiyo hiyo Kinshasa ya leo, na Lumumba keshauawa kule Katanga tarehe 17 Januari mwaka huo huo, pamoja na wenzake wa siasa, Mpolo na Okito. Mama yake akapata kazi ya ukatibu kwa meya wa jiji, kwaiyo mama ndo alikua anasikia mambo kazini na kuja kuyasimulia nyumbani.

Na hapo ndo filamu yote imesimama, kwenye masimulizi ya mama. Ukisikiliza, Peck anarudia rudia kwamba mama yangu anasimulia hivi, mama yangu anasimulia vile. Zaire ya rais Mobutu, ndo Kongo ilivyoitwa wakati ule, hakuweza kuingia kupiga picha, kwaiyo akabaki na nini? Mikanda ya nyumbani kwao ya utotoni, waandishi wa Kibelgiji waliokuwepo wakati ule, binti wa Lumumba, na mitaa ya Brussels kwenye baridi, watu wamevaa makoti wanapita tu hawana habari. Picha za Lumumba mwenyewe ziko kwenye maktaba za Ulaya na unazilipia kwa dakika! Mimi hapo nilisimamisha nikatoka nje kidogo. Mtu anauawa, mwili wake unayeyushwa kwa tindikali, halafu sura yake inauzwa na haohao. Jirani yangu akaniambia na lile jino je, na kweli, Wabelgiji wamerudisha jino moja kwa familia Juni 2022, ndo kilichobaki cha mtu mzima.

Kama mpiga picha nilichojifunza pale ni kwamba jamaa hakuficha kuwa hana picha. Mimi nikikosa tukio kwenye harusi naweka muziki na maua yanazunguka. Yeye anakuonyesha barabara tupu anakwambia hapa pangekua na kitu, na unakiona.

Maisha yake mengine nayapitisha haraka. Kasoma Kongo, Brooklyn, Ufaransa, akasoma mambo ya uhandisi na uchumi Berlin, akaendesha teksi New York, ndo akarudi Berlin kusomea filamu akamaliza 1988. 1996 akawa waziri wa utamaduni wa Haiti, 1997 akaachia ngazi. Mwaka 2000 alimrudia Lumumba kwa filamu ya kuigiza, waigizaji, magari, majeshi, ikapigwa Zimbabwe na Msumbiji. Ni nzuri lakini mimi naichukua ile ya kwanza, ile ya mama. Halafu ile ya 2016 kutokana na kurasa 30 hivi za kitabu ambacho mwandishi wa Marekani James Baldwin hakukimaliza, kuhusu Medgar Evers, Malcolm X na Martin Luther King, viongozi weusi wa kule waliouawa, aliihangaikia kama miaka kumi, ikafika mpaka kwenye orodha ya Oscar.

Ila inayotugusa watu wa Kigoma ni ile ya 2013, ya misaada iliyomiminika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Alifuatilia miaka miwili, mikutano, ahadi, magari, na mwenye nyumba iliyoanguka haulizwi. Mkoa huu una kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu 1996, magari meupe tumeyaona tangu tuko shule ya msingi. Nani katuonyesha sisi tulivyoyaona?

Na hapa niseme ukweli unaoniuma. Kuna mzee wa Ujiji alikua baharia wa mizigo kwenda Kalemie na Uvira tangu enzi hizo, nilimrekodi saa nzima na nusu chini ya mwembe wake. Alinieleza siku habari za Lumumba zilipofika gatini, nani alilia, nani alikataa kupakua mzigo. Jumamosi nikapata harusi ya haraka, kadi imejaa, nikasema nitarudi kwa mzee wiki ijayo, nikafuta. Wiki mbili mbele nikaitwa kupiga video ya msiba wake.

Baada ya ile filamu nikaenda kwa mama mkubwa Mwanga, ana miaka themanini na kitu, kamera juu ya ndoo maana stendi mbovu. Nikamwambia mama mkubwa nisimulie. Akauliza, nisimulie nini sasa mwanangu, mambo gani? Nikamwambia ya ng'ambo. Akanyamaza, akaendelea kuchambua dagaa, anatoa vijiwe kimoja kimoja anaweka kwenye kisosi, nikahesabu vinne, halafu akasema, "Sisi tulikua tunaona moto usiku." Sijaongeza swali. Kadi ilikua na nafasi ya masaa matatu na nimenunua nyingine mbili.