Mlima Ambao Hakuna Aliyeuona

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Katika Ayubu 38 Mungu anamuuliza Ayubu maswali mfululizo, na lipo moja tunalolipita haraka, mstari wa 26: ni nani anyesheaye mvua kwenye nchi isiyo na watu? Huko hakuna mkulima anayeingoja, wala wa kushukuru. Na bado inanyesha.

Nimelikumbuka swali hilo niliposoma habari za Vinson, mlima mrefu kuliko yote Antaktika, wenye mita 4,892. Tarehe 23 Novemba 1935 Mmarekani Lincoln Ellsworth alipita na ndege karibu na safu ya milima hiyo, akaiita Sentinel. Mawingu yalikuwa yameifunika sehemu kubwa. Mlima mmoja wa kando uliojitokeza akaupa jina la mkewe, Mary Louise Ulmer (na mke gani angekataa zawadi hiyo?). Ule mkubwa ukabaki mawinguni. Ellsworth alifariki mwaka 1951 bila kujua alipita karibu na nini.

Mwaka 1958 ndege za jeshi la wanamaji la Marekani zikauona. Ukapewa jina la Carl Vinson, mbunge wa Georgia aliyeunga mkono utafiti wa Antaktika. Desemba 1966 ndipo watu wakafika kileleni.

Basi miaka yote ya nyuma mlima ule ulikuwa wa nani? Kila kiangazi jua lisilotua liliumulika usiku na mchana, theluji ikaanguka juu yake, na hapakuwa na jicho la mtu. Zaburi 148:9 inaiamuru milima na vilima vyote vimsifu Bwana. Haikubagua vilivyomo kwenye ramani na visivyokuwemo. Sisi, kusema kweli, siku hizi hata kutoa msaada tunasubiri kwanza kamera iwashwe. Lakini yupo mama anayeamka saa tisa usiku kuwaombea watoto wa jirani, na jirani mwenyewe hajui. Yesu alimsema mtu kama huyo: “Baba yako aonaye sirini atakujazi” (Mathayo 6:6).

Wiki hii tusome Ayubu 38 na 39 zote, taratibu. Tuangalie ni viumbe wangapi humo wasiomfaa mwanadamu kwa lolote, na jinsi Mungu anavyowasimulia kwa furaha: mbuni anayemcheka farasi na mpanda farasi wake, na punda-mwitu anayezidharau kelele za mji.