Philip wa Flanders: ardhi ya mke, kiti cha mfalme na ahadi ya Artois

Ule mchoro wa piramidi tuliochorewa ubaoni katika somo la historia, mfalme kileleni, makabaila katikati na wakulima chini, haukusaidii kuelewa kwa nini makabaila wa Ulaya walikuwa vitani karibu kila mwaka. Haukuonyeshi ndoa wala vifo, na ugomvi mwingi wa karne ya 12 ulianzia hapo: nani kaoa wapi, kapewa nini, na asipoacha mtoto mali inarudi kwa nani. Mtu wa Kisumu au Vihiga aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kugawa shamba la marehemu ataushika mkondo huu upesi kuliko aliyekariri piramidi.

Mfano ninaoupenda ni Philip wa Alsace, mtawala kuanzia 1168 hadi 1191 wa Flanders, nchi iliyo leo kaskazini mwa Ubelgiji na ncha ya kaskazini mwa Ufaransa. Alikuwa mtu mwenye nguvu kuliko kabaila yeyote kaskazini mwa Ufaransa, akawa mlezi wa mfalme kijana, na kabla hajafa alikuwa amempa mfalme huyo funguo za kumvunja. Tatizo lake halikuwa vita. Sehemu kubwa ya nguvu yake aliishika kwa jina la mtu mwingine.

Tuanze na alichokuwa nacho. Flanders yenyewe ilikuwa yake kwa damu, kutoka kwa baba yake Thierry. Ni nchi ya pwani, ya miji ya wafumaji kama Ghent na Bruges, na Philip aliiongezea bandari: Gravelines na Nieuwpoort, baadaye Damme. Ngome ya mawe ya Gravensteen aliyoijenga Ghent mwaka 1180 ingali imesimama. Sehemu kubwa ya nchi hiyo aliishika chini ya mfalme wa Ufaransa, na sehemu ndogo ya mashariki chini ya kaisari wa Ujerumani. Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Kabaila mmoja aliweza kupiga magoti mbele ya mabwana wawili, akiweka viganja vyake ndani ya viganja vya kila mmoja kwa ardhi tofauti, na mabwana hao wakigombana alichagua ni kiapo kipi kimuumize kidogo.

Kisha kulikuwa na Vermandois, pamoja na Amiens na Valois. Hizi zilikuwa za mkewe, Elisabeth, aliyezirithi kwa kaka yake aliyekuwa na ukoma. Hapa inabidi msomaji wa kwetu ageuze mwelekeo wa mahari. Magharibi mwa Kenya ng'ombe hutoka kwa mume kwenda kwa wakwe. Kwa makabaila wa Ufaransa, mke ndiye aliyekuja na mali, na mali yenyewe mara nyingi ilikuwa ardhi. Mume aliitawala, akakusanya kodi na kuamuru askari wake, lakini mwenye haki alibaki mke na damu ya mke. Wangepata mtoto, mtoto angerithi na baba angeendelea kushika kwa jina la mtoto. Philip na Elisabeth hawakupata mtoto.

Kwa nini ardhi hiyo ilikuwa muhimu hivyo? Toka Arras, mji wa kusini mwa Flanders ya Philip, hadi Amiens ni kama kilomita 60, zaidi kidogo ya Kisumu hadi Kakamega, na Valois inasogea karibu kabisa na Paris. Flanders peke yake ilikuwa jirani tajiri wa mbali. Ikiunganishwa na Vermandois, askari wa Philip walikuwa mlangoni pa mfalme.

Mwaka 1175 ilisemekana kuwa Elisabeth alikuwa na uhusiano na bwana mmoja, Gautier de Fontaines. Philip aliamuru Gautier apigwe marungu, kisha aning'inizwe kichwa chini kwenye shimo la choo hadi afe. Huu ulikuwa ukatili, lakini angalia kilichofuata: Philip alipata idhini ya mfalme Louis VII ya kuishika Vermandois kwa uimara zaidi. Waandishi wa wakati ule walisimulia habari za mapenzi. Mimi naiona pia kama habari ya hati ya ardhi.

Philip alipewa nafasi ya kuwa mshika kiti cha mfalme mara mbili, na mara ya kwanza aliikataa. Mwaka 1177 alikwenda Yerusalemu. Mfalme wa huko, Baldwin IV, alikuwa binamu yake, kijana mwenye ukoma, na alimwomba ashike utawala. Philip akajibu kwamba amekuja kuhiji tu. Kisha akageuka na kutaka mabinti wa nyumba ile ya kifalme, Sibylla na Isabella, waolewe na wana wa Robert wa Béthune, mtu wake kutoka Flanders. Wakubwa wa Yerusalemu walielewa mara moja: hataki kubeba mzigo, ila anataka mrithi awe mtu wake. Wakakataa. Akaenda kaskazini, huko Syria, kuizingira ngome ya Harim, ambayo haikuanguka, na huku nyuma, Novemba 25, 1177, Baldwin mgonjwa akamshinda Saladin, sultani wa Misri, pale Montgisard bila yeye.

Ufaransa hakukataa. Mwaka 1179 Louis VII alipatwa na kiharusi. Mwanawe, Philip Augustus, alitawazwa Reims Novemba 1 mwaka huo akiwa na miaka 14, na mtawala wa Flanders ndiye aliyebeba upanga wa kifalme mbele yake. Upande wa pili walikuwa wajomba wa kijana, ndugu wa mama yake malkia Adela: watawala wa Champagne, Blois na Sancerre, na askofu mkuu wa Reims. Kazi ya mlezi wa mfalme mtoto ni moja, kuwazuia jamaa wengine wasimfikie, na Philip aliifanya kwa ndoa. Aprili 28, 1180, huko Bapaume, mfalme alimwoa Isabelle wa Hainaut, msichana wa miaka kumi, binti wa Margaret, dada yake Philip. Mwezi uliofuata, Mei 29, Isabelle akatawazwa malkia Saint-Denis. Aliyemvika taji ni askofu mkuu wa Sens, kwa sababu yule wa Reims alikuwa mjomba na hakuwa wa kuaminiwa. Adela akakimbilia kwa Henry II wa Uingereza, aliyekuwa akishika pia Normandy, kumwomba msaada.

Kwa macho ya 1180 Philip alikuwa ameshinda kila mtu. Lakini msichana alikuja na mali, na mali hiyo mjomba mtu aliitoa kwenye Flanders yake mwenyewe: Arras, Saint-Omer, Aire, Hesdin, Bapaume, eneo ambalo baadaye liliitwa Artois. Masharti yalikuwa kwamba Philip ataendelea kuishika hadi afe, ndipo iende kwa Isabelle na watoto wake. Ni rahisi kuona alivyowaza. Alikuwa hana mtoto, hivyo alitoa kitu ambacho hakingemuuma akiwa hai. Shida ya ahadi ya namna hii ni kwamba kuanzia siku inapotiwa muhuri, yule uliyemwahidi anafaidika na kifo chako. Mfalme wa miaka 14 ana muda wa kungoja.

Hakungoja sana. Kabla ya mwaka kwisha Henry II alikuwa amewapatanisha jamaa wa Champagne na mfalme, na mfalme hakutaka tena mlezi. Philip akafanya ambacho kabaila aliyesukumwa pembeni hufanya: akajiunga na wale wale aliowafukuza. Flanders, Champagne, Sancerre na Burgundy wakasimama pamoja dhidi ya kijana waliyekuwa wakigombania malezi yake. Umoja kama huo huwa na kasoro inayojulikana. Kila mmoja ana dai lake dogo, na mfalme akimridhisha mmoja, wengine wanadhoofika. Isitoshe, utumishi wa kawaida wa kijeshi bila malipo ulihesabiwa kuwa siku 40, baada ya hapo wapanda farasi wanataka pesa au wanarudi nyumbani kuvuna. Ndiyo maana vita hivi vilikuwa zaidi vya kuchoma vijiji na kuzingira ngome, na mapigano makubwa uwanjani yalikuwa machache.

Kisha Elisabeth akafariki, mwanzoni mwa miaka ya 1180. Haki ya mume juu ya Vermandois ikaisha pale pale, angalau kisheria. Dada yake Eleanor akadai urithi, na mfalme akamuunga mkono kwa furaha. Hii ndiyo mbinu ya kifalme ninayowaambia wasomaji waitafute kila mara: mfalme haivamii ardhi kwa jina lake, anatafuta kwanza mrithi mwenye dai halali, anajifanya mtetezi wake, kisha anachukua fungu lake kama gharama ya utetezi.

Mwaka 1184 mfalme alijaribu kumwacha Isabelle, aliyekuwa na miaka kumi na minne hivi. Baraza lilikutana Senlis. Msichana akavua mapambo, akavaa nguo za mtubu, akatembea miguu mitupu kanisa hadi kanisa akigawa sadaka, na maskini na wenye ukoma wa mji wakajaa mbele ya jumba wakimlilia mfalme asimfukuze. Mfalme akaghairi. Washauri wake nao walijua kwamba Isabelle akiondoka, Artois inaondoka naye.

Karibu na wakati huo Philip alioa tena, safari hii Teresa wa Ureno, aliyeitwa Mathilda huko Flanders. Ukiwa huna mrithi, kuoa tena ni akili. Ila mke mpya alihitaji fungu la ujane, na Philip akampangia miji kadhaa mikubwa ya Flanders. Mfalme alilichukulia jambo hilo kama dharau.

Silaha iliyomuumiza zaidi, hata hivyo, ilikuwa jina katika karatasi. Katika mapatano ya kusitisha vita mwaka 1184, mfalme alimtaja Baldwin V, mtawala wa Hainaut iliyopakana na Flanders, baba yake Isabelle na shemeji yake Philip, miongoni mwa watu wa upande wake. Philip akaamini amesalitiwa. Akishirikiana na askofu mkuu wa Cologne na mtawala wa Brabant aliivamia Hainaut na kuichoma, na kwa kufanya hivyo akamsukuma shemeji yake kwa mfalme kikweli.

Mwaka 1185 majeshi yalikabiliana pale Boves, karibu na Amiens, na Philip akakubali masharti bila pigano. Mfalme alichukua Amiens na ngome 65. Philip alibaki na Saint-Quentin na Péronne maisha yake yote, pamoja na cheo cha mtawala wa Vermandois. Kuna jambo dogo hapa ambalo wengi hulipita. Amiens ilishikwa chini ya askofu wa mji huo, hivyo mshikaji mpya alipaswa kumpigia magoti askofu. Mfalme hampigii mtu magoti. Askofu akamsamehe kiapo, na mfalme kwa upande wake akaacha haki yake ya kulazwa na kulishwa kwa gharama ya askofu.

Yaliyobaki yalikwenda kama mkataba ulivyoandikwa. Isabelle alimzaa Louis Septemba 1187, akafa Machi 1190 akijifungua mapacha. Philip alikufa kwa maradhi katika vita vya msalaba, kambini Acre, mji wa pwani ya Palestina uliokuwa umezingirwa, Juni 1, 1191, bila mtoto, na mfalme alikuwepo kambini humo humo. Mji ulipoanguka Julai, mfalme akasema ni mgonjwa na kurudi Ufaransa. Ugonjwa ulikuwepo kweli, lakini Artois pia ilikuwa inangoja mwenyewe.

Flanders iliyosalia ilikwenda kwa dada Margaret na mumewe Baldwin wa Hainaut, yule yule aliyechomewa nchi. Mwaka 1192, huko Arras, ilibidi alipe ada ya kuingia katika urithi huo: marki 5,000 za fedha, yaani zaidi ya tani moja kwa uzito. Mwanawe alirudishiwa Saint-Omer na Aire mwaka 1200, na mwaka 1212 miji hiyo ikachukuliwa tena na Louis, mwana wa Isabelle. Mathilda mjane alilishika fungu lake hadi alipokufa 1218. Ni yeye aliyempangia mpwa wake Ferrand wa Ureno kumwoa mrithi wa Flanders, na kumlipa mfalme ili aikubali ndoa hiyo. Ferrand akataka Saint-Omer na Aire zirudi, akajiunga na maadui wa Ufaransa, akakamatwa vitani Bouvines Julai 27, 1214. Alitoka gerezani 1227.