Nyumba yangu ya Buswelu haikupigwa mnada

Nyumba niliiweka rehani kwa mkopo. Notisi ya benki ilinikuta nimelaza marejesho ya miezi kadhaa, na pale Mwaloni, soko la Mwanza ninakouza dagaa, kila mtu akawa mshauri. Huyu anasema usiipokee, yule anasema zima simu. Dada mmoja alitaka kunipeleka kwa watu wa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kali, nikope kule nilipe huku. Bado nina hasira na ushauri ule, maana nawajua waliousikiliza na leo wanaishi nyumba za kupanga.

Mimi niliipokea, nikasaini, nikaipeleka kwa msaidizi wa kisheria. Akanionyesha kuwa kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ilivyorekebishwa 2008, nina siku 60 tangu kuipokea za kusawazisha deni kabla benki haijauza.

Nikaenda benki na barua niliyoandikiwa stesheneri, imejaa kuomba huruma na watoto wanaosoma. Afisa mikopo akaisoma yote, akanirudishia. "Mama, hapa sioni utalipa nini wala lini." Iliniuma, lakini swali lake lilikuwa halali, na jibu nilikuwa nalo nyumbani kwenye madaftari.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika na sisi wachuuzi hatuna mzigo. Rejesho langu lilikuwa la tarehe ileile kila mwezi, ila giza la ziwani halifuati kalenda ya benki. Miezi mingine tarehe ilidondokea katikati ya mbalamwezi, sina hata senti. Nikanunua karatasi ya manila nikachora mwaka mzima: nyeusi siku za giza, njano siku za mwezi, chini yake magunia niliyouza na bei yake. Nikaonyesha na masika, mvua iliponiharibia dagaa niliowaanika mchangani Igombe nikawauza kwa watengeneza chakula cha kuku kwa bei ya kutupa.

Afisa akamwita meneja. Kumbe kwao Kigoma, nako wanavua dagaa! Hakuhitaji maelezo, alifuata nyeusi na njano kwa kidole, akauliza, "Sasa mama, unaomba nini?" Nikasema: muda urefushwe, rejesho lipungue, nilipe giza likiisha. Nikaweka mezani milioni na ushee, mgao wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba, pamoja na kodi ya vyumba viwili nilivyopangisha. Usiende mikono mitupu.

Wakati wanajadili, dalali mmoja alinizungukia akitaka kuinunua nyumba kwa karibu nusu ya thamani, eti ananiokoa. Nilikuwa nimeshamlipa mthamini, laki kadhaa hivi, nikamwonyesha ripoti akaondoka. Hata benki ikiuza, sheria inaitaka itafute bei nzuri. Ikiuza chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inahesabiwa haikutimiza wajibu mpaka ithibitishe vinginevyo. Kwa hiyo jua thamani ya nyumba yako mapema.

Walikubali. Mkataba mpya tulisoma na mume wangu kila ukurasa, maana nyumba ya familia hairehaniwi bila ridhaa ya mwenza. Hakikisha faini za zamani zimeandikwa zimeishia wapi. Mimi zangu zilifutwa baadhi kwa sababu niliuliza.

Deni bado ninalo, ila sijalaza tena. Meneja alitaka kubaki na ile manila awaonyeshe maafisa wake. Nikamwambia aipige picha, yenyewe naihitaji kwa hesabu za mwakani.