Samatta Alitukuta Bahi

Jumapili ya tarehe 1 Machi 2020 nilipanda basi Singida saa nane mchana, na kichwani nilikuwa na hesabu moja tu: saa moja na nusu usiku niwe nimeshakaa mbele ya televisheni Dodoma. Aston Villa na Manchester City, fainali ya Kombe la Ligi, Wembley. Ningekuwa shabiki wa Villa wa zamani ningesema hivyo. Ukweli ni kwamba hadi Januari ya mwaka ule sikuwa hata na uhakika Villa ni timu ya mji gani. Nilikuwa naifuata kwa sababu ya kijana mmoja wa Mbagala, Mbwana Samatta, aliyejiunga nayo mwezi ule, na mimi ni mtoto wa Temeke niliyehamishiwa Dodoma na kazi, kama wengi tulivyohamishwa serikali ilipohama.

Singida nilikwenda kwa arobaini ya mjomba. Shughuli ilikwisha Jumamosi, Jumapili asubuhi shangazi akanizuia hadi ninywe chai, halafu hadi nile wali, halafu hadi anifungie lita tano za mafuta ya alizeti. Basi nililolipata lilikuwa limetoka Mwanza alfajiri. Saa nne za barabara, nikajiambia, nafika saa kumi na mbili, naoga, nakaa. Hesabu za safari hupigwa na abiria, lakini jibu analo dereva.

Jirani yangu kitini alikuwa mama wa makamo mwenye tenga la kuku sita chini ya miguu yake. Kuku wa Singida wanajulikana nchi nzima, na hawa walijua kwamba wanajulikana. Kila basi lilipopita kwenye tuta walilalamika kwa sauti moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nisaidie kusogeza huo mguu, usimkanyage mwekundu. Huyo wa harusi."

Ikungi, Issuna, Manyoni. Nchi ya kati mwezi Machi haifanani na ile ya Septemba ambayo watu wa pwani huisema vibaya. Mvua zilikuwa zimenyesha sana mwaka ule, alizeti zimesimama, vichaka vimejaa majani, madimbwi kila upande. Manyoni tulishuka dakika kumi, vijana wakatuzunguka na chupa za asali. Nilinunua moja. Kisha tukateremka mlima Saranda, dereva akishikilia gia ndogo na abiria tukishikilia viti, na mbele yetu bonde la Bahi likafunguka, majaruba ya mpunga yanang'aa hadi macho yanapokoma.

Tulikuwa tumebakiza kidogo tu kuingia Bahi mjini niliposikia mlio, kama mtu aliyepiga kofi kwenye bati. Harufu ya mpira ulioungua ikafuata. Dereva akaegesha pembeni. Utingo akafungua boneti, akachungulia, akarudi na kipande cheusi mkononi. Mkanda wa feni.

"Wa akiba upo?" dereva akauliza.

Utingo akanyamaza. Ukimya ule ndio ulikuwa jibu.

Saa kumi na moja na robo. Konda akapiga simu, akatutangazia kwamba mkanda unatoka Dodoma kwa pikipiki, "nusu saa tu ndugu abiria." Kutoka Dodoma hadi Bahi ni kilomita zaidi ya 50, na pikipiki yenyewe ilikuwa bado haijapatikana. Kampuni ya basi siitaji, maana hadi leo nalipanda.

Tulikaa kwenye majani kando ya lami. Hapo ndipo mjadala ulipoanza, na nakiri niliuanzisha mimi kwa kutazama saa kila baada ya dakika mbili. Konda aliniuliza nawahi nini. Nikamwambia Samatta anacheza fainali.

"Huyu jamaa kaja kasi sana," konda akasema. "Mwezi mmoja tu Ulaya, tayari fainali."

Mwezi mmoja! Nilisimama kabisa. Nimeshakutana na kauli hiyo mara nyingi, ofisini, saluni, hata msibani, na kila mara inanipandisha presha. Samatta alikuwa na miaka minne Ulaya siku hiyo. Alitua Genk, Ubelgiji, Januari 2016. Na kabla ya hapo alikaa Lubumbashi, Kongo, miaka mitano. Sisi tulimwona alipoingia kwenye ligi tunayoilipia king'amuzi, basi tukadhani amezaliwa siku hiyo.

Nikaanza kumhesabia konda kwa vidole. African Lyon. Kisha Simba, msimu mmoja tu, ndipo 2011 Simba walipopangwa na TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, na Mazembe wakamwona kijana anayewasumbua, wakaondoka naye. Wengine wangesema Kongo si mbali, angesubiri dalali wa Ulaya. Yeye alikwenda, na pale akakuzwa kwenye timu iliyozoea kutwaa makombe. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa ubingwa wa Afrika kwa kuwafunga USM Alger nje ndani, 2-1 kule Algiers na 2-0 Lubumbashi, na Samatta alifunga penalti katika mechi zote mbili. Thomas Ulimwengu naye alikuwa kwenye kikosi hicho, Watanzania wawili. Januari iliyofuata, Abuja, siku Aubameyang anatajwa mchezaji bora wa Afrika, Samatta alitajwa bora wa wale wanaocheza ndani ya bara.

"Hiyo niliisikia redioni," akasema mzee mmoja aliyekuwa amepita na ng'ombe wake akasimama kutusikiliza. Alikuwa amevaa mgolole na ameshika fimbo. Alikuwa ametusalimu "Mbukwenyi" na tukaitika "Mbukwa" kwa lafudhi zetu za kila mkoa. "Ila Ubelgiji sikusikia."

Nani alisikia? Ubelgiji ndiko alikofanya kazi kubwa kuliko zote, nami naisema bila woga. Msimu wa 2018/19 alifunga magoli 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa, akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ile. Mshambuliaji wa namna hiyo hapigi chenga za kupamba video. Kazi yake ni kukimbia mahali ambapo mpira bado haujafika, mara kumi, mara kumi na tano, na mpira ufike mara moja. Ukitazama dakika mbili za magoli unaona bahati. Ukitazama dakika 90 unaona mtu anayefanya kibarua.

Saa kumi na mbili na nusu pikipiki ilikuwa haijafika. Jua likazama nyuma ya Saranda, mbu wa majaruba wakaja kwa fujo. Nikauliza: Bahi mjini kuna banda la mpira? Konda akacheka, akasema kila mahali penye nguzo ya umeme pana banda la mpira. Tukaenda watu tisa, tukapanda bodaboda tatu mshikaki. Mama wa kuku alikataa kushuka kwenye basi. Konda akaapa kwa dereva kwamba hatuondoki bila hao tisa, na mimi nikaacha chupa ya asali mikononi mwa yule mama kama dhamana.

Banda lilikuwa la mabati na magunia, madawati ya mbao, televisheni moja juu ya rafu iliyofungwa kwa waya. Kiingilio jero. Mwenye banda alipoona sura ngeni tisa zimeshuka kwa mpigo akajaribu kusema buku, wenyeji wenyewe wakamzomea, akarudi kwenye jero. Jina "banda umiza" hulielewi mpaka ukae kwenye dawati la nyuma kati ya watu wawili wanene, na mbele yako mtu mrefu aliyevaa kofia. Hewa ilikuwa ya jasho na karanga. Wiki mbili baadaye mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini, na nilipoukumbuka usiku ule niliwahesabu kichwani watu waliokuwa wamenipumulia shingoni, nikaacha kuhesabu.

Mbele yangu alikaa kijana wa bodaboda, mmoja wa waliotuleta, na jezi ya Yanga imempauka mabegani. Akatuonyesha simu yake kwa fahari: mkeka wa kubeti. Ameweka City washinde, na Villa wasipate goli hata moja.

"Mdogo wangu, humtaki Samatta?" nikamuuliza.

"Namtaka, kaka. Ila nataka na petroli ya kesho."

Dakika ya 20 Agüero wa City akafunga. Dakika ya 30 mwenzake Rodri akafunga kwa kichwa. Kijana alikuwa anatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyepata nafuu kwenye msiba wa jirani. Banda likapoa. Mwenye banda akaanza kusema kwa sauti kwamba saa tatu atabadilisha chaneli.

Kisha dakika ya 41. John Stones, beki wa City, akateleza, El Ghazi wa Villa akaupata mpira akaumwaga ndani, na Samatta alikuwa ameshaanza kukimbia zamani. Akajirusha mbele, chini chini, mpira ukakutana na kichwa chake ukaingia wavuni.

Sauti iliyotoka kwenye banda lile siwezi kuiandika. Dawati letu lilipinduka. Na wa kwanza kuruka, kabla yangu, kabla ya konda, alikuwa yule kijana wa mkeka. Alikuwa juu ya mabega ya mtu asiyemjua, anapiga bati la paa kwa kiganja, analia "Samagoal! Samagoal!" Ilimchukua kama dakika nzima kukumbuka. Akashuka taratibu, akatoa simu mfukoni, akaitazama.

"Umechanika," akasema. Halafu akacheka mpaka akakaa chini. "Kanichania Mtanzania mwenzangu. Ingekuwa nahodha wao Grealish ningelia."

Kipindi cha pili tulisimama wote, madawati hayakuwa na kazi tena. Mwishoni kabisa Engels wa Villa akapiga kichwa, kipa Bravo akaugusa, mpira ukagonga mwamba wa pembeni. Mwamba ule nauota hadi leo. Ikaisha 2-1.

Njiani kurudi kwenye basi, upepo unanipiga usoni, nilipiga hesabu nyingine ambayo sikuwa nimeipiga kabla. Novemba 2019, Anfield, akiwa na Genk: Samatta aliwafunga Liverpool kwa kichwa, Liverpool wakashinda 2-1. Februari mosi, Bournemouth, mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza, Mtanzania wa kwanza kuicheza: akafunga kwa kichwa, Villa wakalala 2-1. Sasa Wembley. Magoli matatu kwenye ardhi ya Uingereza, yote kwa kichwa, yote kwenye 2-1 ya kufungwa. Nilimwambia konda, akanyamaza, kisha akasema, "Kichwa chake kizima. Tatizo ni wengine kumi."

Si haki sana kwa wale kumi, lakini sikubishana.

Villa walinusurika kushuka daraja siku ya mwisho ya msimu, yeye akiwa hajafunga tena, na Septemba akapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo. Hapo watu wetu wakaandika kwamba amekwisha. Wale wale wa "mwezi mmoja". Alizunguka Uturuki, Antwerp, akarudi Genk, akaenda Ugiriki, na mwaka 2024 alikuwa bingwa wa nchi na PAOK. Sikusikia banda lolote likipiga bati kwa hilo. Ligi ya Ugiriki haimo kwenye kifurushi chetu.

Basi tulilikuta linanguruma, mkanda mpya umeshafungwa, abiria wamekasirika kwa kutusubiri dakika kumi na tano. Wengine walitaka matokeo kwanza ndipo waendelee kukasirika. Mama alikuwa macho, asali yangu mapajani.

"Mmeshinda?"

"Tumefungwa mama, mbili moja. Ila yetu moja kafunga Mtanzania."

Akafikiri kidogo. "Huko anakocheza, wakifungwa analipwa?"

"Analipwa, tena vizuri."

"Na nyinyi mliokwenda kuangalia?"

Nikamwambia tulilipa jero jero, na bodaboda kwenda na kurudi. Akatikisa kichwa, akavuta kitenge hadi kidevuni, akalala. Mmoja wa kuku alikuwa ametoa kichwa kwenye tenga ananitazama.

Tuliingia Dodoma karibu na saa tano. Mji ulikuwa kimya, taa za barabarani na mbwa tu. Nikapata bodaboda, tukapatana bei, nikaweka dumu la alizeti kati yetu. Yule kijana hakuwa na haraka ya kuwasha.

"Bro, goli la Samatta umeliona? Mimi nilikuwa na abiria, nimesimuliwa tu."

"Nimeliona. Bahi."

"Bahi?" Akageuka kunitazama vizuri. "Haya nisimulie. Ila anzia mwanzo, pale mpira ulipotoka."

Nikaanzia kwa Stones kuteleza. Tulipofika kwangu alizima pikipiki, maana nilikuwa sijafika kwenye kichwa.