Kikopo ndani ya koti

Ni mwaka wa munane sasa tangu tuoane na nimechoka kubeba hii habari kichwani peke yangu, acha niitue hapa. Hapa Bukavu ukishaolewa batu banakuangalia tumbo mbele ya kukuangalia uso, mwaka wa kwanza banatania, wa pili banauliza, wa tatu haba­kuulize tena, banauliza bwana yako pembeni. Barafiki zangu bote ni Mama Fulani na Mama Fulani, miye niko Madamu tu.

Miaka ine ya kwanza mugonjwa nilikuwa miye. Hakuna mutu alisema hivyo waziwazi lakini nani alikuwa anapanda moto, ile pikipiki, kila mwezi kwenda kwa dokta? Nilifanya ekografi, nikatolewa damu siku ya 21, nikafanya na ile radio ya mirija ya uzazi yenye banakuingiza dawa ndani na mashini inapiga picha vile inapita, na mwenye alikuambiaka haiumi alikudanganya. Mirija iko wazi. Dokta anaandika kwenye fishi "bwana akuje", nakunja fishi naweka mu saki, nikifika nyumbani naambiwa "miye niko muzima, mu famia yetu hakuna tasa", basi nanyamaza. Nilikunywa na mizizi ya mama mumoja wa Walungu, chungu mpaka machozi yanatoka yenyewe.

Na maombi, wee. Mwaka 2021 mutumishi mumoja alinishika kichwa mbele ya batu bote akasema miezi kenda, anaona mutoto wa kiume. Nilinunua kofia ya manyoya, ya rangi ya bulu. Miezi kenda ikapita, mutumishi akahamia muji mwingine na bibi yake akaniuliza kama hakuna zambi yenye ninaficha. Iko mu valizi ile kofia. Siwezi kuitupa na siwezi kuiangalia.

Mwaka ule ule, mwezi wa tano, volkano ya Nyiragongo ililipuka, Goma ikakimbia, boti zikawa zinafika huku zimejaa batu na magodoro. Dada yangu alitufikia na katoto kake ka kike ka miaka mitano. Kisha yeye akarudi, katoto kakabakia, "mubaki naye kidogo", na ile kidogo haijaisha mpaka leo. Iko mu primeri ya ine sasa. Ananiita mama mudogo nyumbani, lakini shuleni nilimusikia siku moja anaambia mwenzake "ule ni mama yangu", bila mudogo. Nilijifanya nafunga kiatu.

Sasa ile kikopo.

Mwaka huu bwana yangu alikubali, sijuwe nini ilimugeuza, nazani ni kuniona nimelala kwenye simenti baada ya matokeo ingine ya mwezi. Tulipata dokta mwenye anaongea polepole. Akasema ukimaliza mwaka 1 munajaribu bila kupata, banaenda kupimwa bote wawili, hapana mumoja. Akasema tena OMS, shirika la afya la dunia, ilihesabu mu 2023 ikaona karibu mutu 1 kwa 6 duniani anapitia hii maneno mu maisha yake. Jumapili nikahesabu benchi yetu kanisani, tuko batu kumi na mbili. Wa pili ni nani?

Egzame ya mwanaume haina maumivu lakini iko na haya. Munakaa siku 2 mpaka 7 bila kulala pamoja, kisha kikopo cha mbegu zake kinatakiwa kufika laboratwari mbele ya saa nzima kuisha, na kisipate baridi. Kule laboratwari kale kachumba mulango haufungi vizuri, bwana yangu akakataa kabisa, akasema atafanyia nyumbani. Sawa. Asubuhi ile mvua ya Bukavu unaijua, tope mpaka kwenye magoti, kule Nyawera amboteyaje ya magari imefunga njia, na bwana yangu iko nyuma ya motari na kikopo ndani ya shati, juu ya tumbo, koti juu yake, mikono imekumbatia. Motari akageuka: "Papa, tumbo inakuuma?" Akasema ndiyo. Kuona moto haisongi akashuka akakimbia mulima na miguu, mutu wa miaka arobaini, miye nyuma na mwavuli wenye umevunjika. Dakika 50. Mufanyakazi alipopokea nilicheka mpaka nikalia.

Majibu: mbegu milioni 9 kwa mililita, na dokta alitaka kuona kuanzia 16. Akatuambia 9 haiko zero. Akatuambia mwili unachukua siku 74 hivi kutengeneza mbegu mupya, basi chenye utabadilisha leo utakiona kwa miezi 3, na akauliza kazi yake. Kazi yake ni mu bulanjeri, kupika mikate, miaka kumi na moja mbele ya furu. Joto, dokta akasema. Na bia. Na sigara.

Inje alikaa kwenye ngazi. Akasema tu, "miaka yote ile unakunywa mizizi."

Mahubiri yote nimesikiaka ni ya Hana wa Biblia, mwenye alikuwa hazai, hakuna ya Elkana bwana yake, ule mwenye alimuuliza bibi yake kama yeye hapiti watoto kumi. Maneno matamu, lakini kulia alilia Hana peke yake mpaka kuhani akazani amelewa. Tena Elkana alikuwa na batoto ba Penina, bibi yake mwingine, alikuwa na preve kama anazaa. Wangu hakuwa nayo. Miaka saba ameomba usiku "Bwana, ufungue tumbo la bibi yangu", na ile usiku ya majibu nikasikia "Bwana, utusaidie". Nilifungua jicho moja nikamuangalia.

Kuko benye banavuka mupaka kutafuta mutoto wa laboratwari. Wa kwanza wa namna ile alizaliwa Uingereza mu 1978, leo ni mama mwenyewe, nafurahi kujua, lakini ni dola elfu na elfu na sisi hatuna. Sisi tuko na siku 74. Bulanjeri ilimuhamisha kwenye mauzo, mushahara ukapungua kidogo, bia ameacha, sigara anasema ameacha.

Anahesabu kwenye kalenda ya paroisi, kila jioni anakata siku na kalamu nyekundu. Jana ilikuwa ya 51. Katoto kakauliza tunahesabu nini, akamujibu tunangojea egzame. Kakawaza.

"Papa, na kama haujapita, utarudia mwaka?"